Kijana na Usukani: Ufunguo Uko Mikononi mwa Mzazi

Juma hili nataka tuzungumze kuhusu ugonjwa usio na vijidudu wala chanjo, lakini ambao huwaua vijana wetu kuliko malaria. Nitaanza na kisa kimoja. Wazazi wa kijana huyu wameniruhusu nikisimulie ili wengine wajifunze, mradi nisiwataje.

Jumapili moja alfajiri nilipofika kliniki yangu hapa Eldoret, nilikuta pikapu imesimama langoni, taa zikiwaka. Nyuma, juu ya godoro, alilazwa kijana wa miaka 16. Alikuwa akikoroma kwa sauti nzito. Nilipombana ukucha kwa nguvu hakufumbua macho. Mboni ya jicho lake la kushoto ilikuwa imepanuka, ile ya kulia ilikuwa ya kawaida. Daktari yeyote akiona hivyo hushtuka, kwani ni dalili kwamba ubongo unabanwa ndani ya fuvu.

"Jana alikuwa mzima, Daktari," mama yake aliniambia. "Alisema tu kichwa kinamuuma. Akatapika kidogo, akalala."

Aliyetoboa siri ni mdogo wake wa miaka 10. Jumamosi jioni kaka yake alikuwa ametumwa kisiagi kwa pikipiki ya nyumbani. Akirudi na gunia la unga, alikutana na ng'ombe kwenye kona, akaanguka. Alizimia kwa muda mfupi, akaamka, akajipangusa, akanyoosha usukani kwa msaada wa wenzake na kurudi nyumbani. Kofia ya helmeti ilikuwa imeachwa juu ya kabati. Alimwapisha mdogo wake asiseme, maana baba alikuwa ameonya kwamba atakayeiharibu pikipiki hiyo atamtambua yeye ni nani.

Tulimkimbiza hospitali ya rufaa. Picha ilionyesha damu iliyovuja kati ya fuvu na utando wa ubongo. Alipasuliwa siku hiyo hiyo na akapona, lakini mkono wake wa kulia ni dhaifu mpaka leo, na amelazimika kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Baba yake, mkulima mwenye bidii na mtu wa kanisa, alikaa mbele yangu siku nyingine akasema, "Daktari, mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha. Nilijivunia."

Sikumlaumu. Ni wazazi wangapi hapa Uasin Gishu ambao hawajafanya vivyo hivyo? Tunamtuma mvulana wa shule ya upili apeleke maziwa kwa pikipiki. Tunamwachia trekta wakati wa kulima. Mgeni akija tunamwambia msichana wetu aiondoe gari mlangoni, nasi tunatabasamu akifaulu. Somo la leo ni kwa ajili yetu sisi wazazi kwanza, kisha vijana.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haimruhusu mtu kuendesha chombo chochote cha injini barabarani pasipo leseni ya aina ya chombo hicho. Kwa gari dogo na kwa pikipiki za kawaida, umri wa chini ni miaka 18. Mwenye miaka 16 huruhusiwa tu kupata leseni ya pikipiki ndogo kabisa, ya injini isiyozidi cc 50. Hizo ni nadra hapa kwetu. Pikipiki tunazoziona zikibeba abiria na mitungi ya maziwa huwa za cc 100 hadi 150.

Anayejifunza hupata kwanza leseni ya muda. Gari analojifunzia hubandikwa alama ya L, na lazima aketi na mtu aliyehitimu. Akiwa tayari, hufanya mtihani chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, ambayo wengi huiita NTSA. Mtahini humuuliza kuhusu alama na kanuni, humtaka aelekeze gari dogo la mchezo kwenye ubao wenye mfano wa mji, kisha huketi naye barabarani.

Kuna kipengele ambacho wazazi wengi hawakijui. Sheria iyo hiyo humkataza mwenye gari kumruhusu mtu asiye na leseni kuliendesha. Kwa hivyo mtoto akikamatwa, mzazi aliyempa ufunguo naye ana kesi ya kujibu. Isome pia hati yako ya bima. Aghalabu imeandikwa kwamba gari liendeshwe na mwenye leseni. Kampuni inaweza kukataa kugharimia gari lako, au imlipe aliyeumizwa kisha ikudai wewe fedha hizo.

Kwa waendeshaji pikipiki, sheria inataka helmeti na koti lenye kung'aa kwa dereva na kwa abiria, na abiria ni mmoja tu. Hesabu kesho asubuhi ni pikipiki ngapi zitakazokupita pale Langas au Huruma zikitimiza masharti hayo matatu.

KWA NINI VIJANA?

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hapa Kenya, NTSA ilihesabu vifo 4,324 mwaka wa 2023, na 4,748 mwaka wa 2024. Wanaotembea kwa miguu ndio wengi zaidi katika vifo hivyo, na waendeshaji pikipiki huwafuata.

Wazazi huniuliza, "Daktari, kijana ana macho makali na mikono myepesi kuliko mimi. Mbona aanguke yeye?" Jibu lina sehemu nne.

Kwanza ni ubongo. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayopima hatari, kuzuia pupa na kufikiria matokeo. Sehemu hiyo huendelea kukomaa mpaka mtu akaribie miaka 25. Ile inayopenda msisimko hukomaa mapema zaidi. Kwa hivyo kijana wa miaka 17 ni kama gari lenye injini kamili na breki ambazo bado zinafungwa. Hilo si ukosefu wa adabu. Ndivyo mwili unavyokua.

Pili ni uzoefu. Dereva mpya hutazama mita chache mbele ya boneti. Mzoefu hutazama mbali, hutupa jicho kwenye vioo, na akiona mpira umevuka barabara anajua mtoto anafuata. Ujuzi huu hauji kwa kufundishwa kugeuza gari na kuegesha. Huja kwa saa nyingi za kuendesha. Utafiti katika nchi nyingi umeonyesha jambo la kushangaza: mwanafunzi anapoendesha akiwa na mtu mzima kando yake, ajali ni chache sana. Hatari hupanda ghafla pale anapopata leseni na kuanza kuendesha peke yake, na miezi sita ya kwanza ndiyo mibaya zaidi.

Tatu ni marafiki. Uchunguzi uliofanywa Marekani kwa madereva wa miaka 16 na 17 ulionyesha kwamba kila abiria kijana anapoongezeka garini, uwezekano wa dereva kufa huongezeka. Akiwa na mtu mzima garini, hupungua. Watoto wetu hawana tofauti. Wavulana wanne katika gari la baba, muziki ukiwa juu, mmoja akisema "kanyaga!", hapo breki ile ya ubongo inayofungwa haifanyi kazi kabisa.

Nne ni usiku na usingizi. Kijana huhitaji kulala saa 8 hadi 10. Mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo huendesha kama aliyekunywa pombe. Fikiria basi kijana aliyeamka saa kumi na moja asubuhi, akahudhuria sherehe ya harusi kutwa, na sasa ni saa tano za usiku na yeye ndiye wa kuwarudisha wenzake nyumbani. Akiongezewa chupa mbili za pombe, hesabu yake imekwisha.

MWENDO UNAFANYA NINI MWILINI

Gari likigonga mti, migongano ni mitatu. Wa kwanza ni wa gari na mti. Wa pili ni wa mwili na usukani, kioo au kiti cha mbele. Wa tatu hauonekani: ubongo hugonga fuvu, na ini, wengu na moyo huvutwa kutoka pale viliponing'inia. Ndiyo sababu mtu anaweza kutoka garini bila jeraha, akatembea, kisha akafa kwa damu inayovuja tumboni.

Kugonga kitu kigumu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani takriban ghorofa tatu. Kwa kilomita 80 ni mita 25, kama ghorofa nane. Kwa kilomita 100 ni mita 39. Mzazi asiyeweza kumruhusu mwanawe acheze kwenye paa la ghorofa ya nane asimruhusu kufika kilomita 80 bila mshipi.

Mshipi wa usalama hupunguza uwezekano wa kufa kwa walio viti vya mbele kwa karibu nusu. Wakenya wenye umri wangu wanakumbuka masharti ya marehemu Waziri John Michuki yaliyoanza kutekelezwa Februari 2004, yakaleta mishipi na vidhibiti mwendo kwenye matatu. Tulilalamika wiki mbili, kisha tukazoea. Helmeti nayo hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42, lakini iwe imefungwa chini ya kidevu. Ile inayoning'inia kiwikoni haijawahi kumwokoa mtu.

Simu ni hatari mpya. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Kijana akisoma ujumbe kwa sekunde tatu, ameendesha mita 66 akiwa kipofu. Huo ni zaidi ya nusu ya uwanja wa kandanda.

BARABARA ZETU

Kila eneo lina hatari zake, na kijana afundishwe za kwetu. Barabara ya kwenda Nakuru hupita Burnt Forest na Timboroa, ambako ukungu na mvua huweza kukufungia njia ghafla. Barabara ya kwenda Malaba hubeba malori mazito ya Uganda na nchi za mbali zaidi. Wakati wa mavuno, matrekta yenye mahindi hutembea jioni bila taa za nyuma. Alfajiri, wanariadha hukimbia kandokando ya barabara za Kaptagat na Iten. Ng'ombe na kondoo hawana ratiba.

Tumewahi kulipa gharama kubwa. Agosti 8, 2018, Nicholas Bett, bingwa wa dunia wa 2015 wa mbio za mita 400 kuruka viunzi, alifariki katika ajali ya gari huko Nandi, siku chache baada ya kurudi kutoka mashindano ya Afrika nchini Nigeria. Alikuwa na miaka 28. Usiku wa Februari 11, 2024, Kelvin Kiptum, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:00:35 mjini Chicago miezi minne kabla, alifariki pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana. Gari alilokuwa akiendesha lilitoka barabarani karibu na Kaptagat likagonga mti. Alikuwa na miaka 24.

Siwataji ili kuwahukumu. Nawataja kwa sababu vijana wengi huniambia, "Mimi nina mwili wa mazoezi, nina nguvu." Hapakuwa na miili yenye mazoezi kuliko hiyo.

MZAZI AFANYE NINI?

Mwaka wa 1987 nchi ya New Zealand ilianzisha leseni ya hatua kwa hatua. Kijana huanza na usimamizi, kisha huendesha peke yake lakini si usiku sana, na bila abiria vijana, na mwishowe hupewa leseni kamili. Mataifa mengine yalifuata, na ajali za vijana zikapungua. Katika jimbo la Victoria, Australia, mwanafunzi aliye chini ya miaka 21 lazima aendeshe saa 120 akisimamiwa kabla ya mtihani.

Kwetu, kijana akifaulu mtihani leo anaweza kuendesha usiku huo huo akiwa na marafiki wanne. Kwa hivyo hatua hizo itabidi ziwekwe nyumbani. Huu ndio utaratibu ninaowashauri wazazi wanaonijia kila Desemba, watoto wao wakiwa wamemaliza shule ya upili na wanataka kwenda shule ya udereva.

1. Kabla ya miaka 18: hakuna ufunguo. Si wa gari, si wa pikipiki, si "hapa karibu tu". Barabara ya shamba haina polisi, lakini ina mawe na miti. Kama kuna kazi ya lazima, aende mtu mzima, au mtoto aende kwa miguu.

2. Wakati wa kujifunza: usiiachie shule peke yake. Chagua shule iliyosajiliwa, na akishapata leseni ya muda, keti naye. Jiwekee lengo la saa 50 za kuendesha pamoja. Anzeni Jumapili mchana kwenye barabara tulivu, kisha mji, kisha mvua, na usiku mwisho kabisa. Usipige kelele. Anayeogopa kelele hutazama uso wako badala ya barabara.

3. Miezi sita ya kwanza baada ya leseni: aendeshe mchana tu, bila abiria vijana, na asiende safari ndefu bila mtu mzima. Ndugu zake wadogo pia ni abiria.

4. Miezi sita inayofuata: mruhusu jioni hadi saa tatu, na abiria mmoja. Akikiuka, rudi hatua moja nyuma kwa mwezi mmoja. Adhabu iwe hiyo, wala si kipigo.

5. Wakati wote: mshipi kwa kila aliye garini, simu iwekwe mbali, na pombe isiguswe kabisa. Sheria humtoza anayeendesha akiwa mlevi faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miaka miwili, lakini hiyo ndiyo bei nafuu.

Yaandikeni makubaliano haya kwenye karatasi, mtie sahihi nyote wawili, muibandike jikoni. Nanyi wazazi mjiangalie. Mtoto amekuwa akikutazama ukiendesha tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Baba anayepita lori kwenye kona akiongea na simu amekwisha kumfundisha mwanawe, hata kama hajawahi kumwambia neno.

KUHUSU WATOTO WA BODABODA

Kuna wasomaji watakaosema, "Daktari, wewe unazungumza na wenye magari. Mwanangu anaendesha bodaboda kwa sababu hatuna karo." Nimelifikiria hilo. Tangu pikipiki ndogo zilipoondolewa ushuru takriban 2008, zimewapa vijana wengi riziki, na siwezi kuidharau kazi hiyo. Lakini kijana wa miaka 15 anayeingiza shilingi mia chache kwa siku akivunjika mfupa wa paja, familia huuza ng'ombe, kisha shamba. Nimeona hivyo mara nyingi. Asubiri miaka 18, apate leseni, anunue helmeti kabla ya kununua redio ya pikipiki. Nao viongozi wa vituo wamkatae mtoto anapotumwa na mwenye pikipiki. Wao wanamjua kuliko polisi.

AJALI IKITOKEA

Piga 999 au 112. Usimvute majeruhi ovyo, shingo yaweza kuwa imevunjika. Usimpe maji wala chakula, huenda atahitaji kupasuliwa. Palipo na damu, bana kwa kitambaa safi bila kuachilia. Usimng'oe helmeti isipokuwa hapumui.

Aliyegonga kichwa akazimia hata kwa dakika moja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo ingawa ameamka na anacheka. Anaweza kuwa sawa kwa saa kadhaa ilhali damu inakusanyika polepole. Dalili za hatari ni hizi: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mboni moja kubwa kuliko nyingine, udhaifu wa upande mmoja, damu au maji masikioni na puani. Ukiona hata moja, usingoje asubuhi.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kilichomuumiza kwanza ni ng'ombe na kona. Kilichomwacha na mkono dhaifu ni saa zile kumi alizolala bila mtu kujua. Alinyamaza kwa sababu alimwogopa baba yake kuliko alivyoogopa maumivu. Baba huyo sasa huwaambia wanawe wengine maneno ambayo naomba kila mzazi ayaseme usiku wa leo: "Ukianguka, niambie kwanza. Ya pikipiki tutayazungumza baadaye."

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Ni nani katika familia yetu anayeendesha bila leseni, na nani humpa ufunguo?

2. Je, kuna helmeti ya kutosha kila kichwa kinachopanda pikipiki yetu?

3. Kijana akijikuta usiku na dereva mlevi, atampigia nani simu aje kumchukua bila kugombezwa?

4. Mtoto wetu akiumia leo, je, angetuambia?

Jibuni mkiwa pamoja mezani, na swali la nne mlijibu pole pole.